Mwanga wa kijani unavyosaidia kusaka dawa mpya ya malaria

JE, msomaji, umewahi kuona maji yakiwaka rangi ya samawati bila moto wala umeme? Nunua chupa ya maji ya toniki, yale machungu ambayo watu wazima hupenda kuchanganya na vinywaji vyao, uyamimine katika gilasi safi. Kisha tafuta duka lenye ile taa ndogo ya zambarau ya kukagulia noti bandia. Zima taa nyingine zote, usogeze gilasi karibu na ile taa, halafu utazame.

Mimi nilifanya hivyo majuzi katika kibanda kimoja cha kutoa na kuweka pesa kwa simu mtaani kwetu. Kijana mwenye kibanda hakupendezwa hata kidogo.

"Dada, hii taa ni ya noti, si ya soda," alinionya, huku akiwatazama wateja waliokuwa wameanza kukusanyika.

Lakini maji yalipowaka, yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kuinama na kushangaa. Gilasi nzima ilikuwa samawati, mithili ya anga la alfajiri. Mtoto mmoja aliyekuwa ametumwa mkate alisahau mkate.

Kinachong'aa humo ni kwinini, dawa kongwe ya malaria itokanayo na gamba la mti wa mkwinini. Watengenezaji wa toniki hutia kiasi kidogo tu, kwa ajili ya uchungu. Na huo mng'ao, ambao wataalamu huuita floresensi, ndio nimekusudia kukusimulia leo, kwa sababu katika maabara za sehemu nyingi duniani, Kenya ikiwemo, unatumiwa kila siku kutafuta dawa itakayowatibu watoto wetu hizi tulizo nazo zitakaposhindwa.

Mng'ao wenyewe hutokeaje? Mfikirie makanga wa matatu. Unampa noti kubwa, anakata nauli yake, anakurudishia chenji. Kwinini hufanya vivyo hivyo na mwanga. Hupokea miale ya urujuanimno, yenye nguvu nyingi lakini isiyoonekana kwa macho yetu, ikabakisha sehemu ya nguvu hiyo, na kurudisha iliyosalia kama mwanga hafifu zaidi ambao jicho laweza kuuona. Samawati uliyoiona gilasini ni chenji.

Mtu aliyelieleza jambo hili kwa ufasaha alikuwa George Gabriel Stokes, mzaliwa wa Ireland aliyefundisha katika Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza. Mwaka wa 1852 aliupasua mwanga wa jua kwa kioo ukawa rangi za upinde wa mvua, kisha akapitisha mchanganyiko wa kwinini katika kila rangi. Kwenye nyekundu, kimya. Kwenye kijani, kimya. Alipofika mwisho wa zambarau na kupita mbele yake, mahali ambapo jicho liliona giza tupu, kwinini ikawaka. Stokes alilitoa jina la floresensi kutokana na madini ya fluorspar, ambayo baadhi yake hung'aa vivyo hivyo. Wasomaji wa Elgeyo Marakwet watayakumbuka madini hayo, maana ndiyo yaliyochimbwa kwa miaka mingi kule Kimwarer, Bonde la Kerio.

Kwa muda mrefu jambo hili lilibaki kuwa kioja cha darasani. Vita Vikuu vya Pili ndivyo vilivyolitoa huko. Japani ilipoiteka Java mwaka wa 1942, ilishika mashamba yaliyokuwa yakitoa sehemu kubwa ya kwinini ya ulimwengu, na majeshi ya Marekani yakalazimika kutegemea atabrine, dawa ya kutengenezwa viwandani iliyogeuza ngozi za askari kuwa manjano. Askari waliilalamikia, wengine wakakataa kuimeza. Hakuna aliyejua kwa hakika kipimo kinachofaa. Katika hospitali ya Goldwater mjini New York, Bernard Brodie na Sidney Udenfriend walitumia mng'ao wa dawa yenyewe kupima ni kiasi gani kilichomo katika damu. Wakagundua kuwa hujificha katika nyama za mwili, na damuni hubaki kidogo tu. Kumbe siku ya kwanza mgonjwa alihitaji dozi kubwa, kisha ndogo ndogo za kufuatia. Miaka michache baada ya vita, mwenzao Robert Bowman alibuni ala ya kupimia mng'ao kwa usahihi mkubwa, nayo ikaanza kuuzwa mwaka wa 1956.

Kwa hivyo ukiona mashine ya aina hiyo katika maabara, ujue kuwa ukoo wake na malaria ni wa damu.

Dawa zinapochoka

Nitasimama hapa kidogo, maana huenda msomaji kijana wa Nairobi akauliza haya yote ni ya nini ilhali dawa zipo madukani.

Nikiwa mtoto, likizo zetu zilikuwa za kwenda kwa nyanya huko Busia. Dawa ya malaria ilikuwa klorokwini. Waliozaliwa miaka hiyo hawahitaji kuelezwa: uchungu uliodumu kooni hadi jioni, na baadaye mwili mzima kuwasha hata ukatamani kujikuna kwa gunzi la mahindi. Tulivumilia kwa kuwa tuliamini inatibu. Mwaka wa 1996 mimi na binamu yangu wa miaka minne tuliugua juma moja. Tulipewa dawa ile ile, na kila mmoja akamaliza dozi yake. Mimi nilipona. Yeye homa ilishuka siku mbili, ikarudi. Tulimzika Jumamosi.

Wakati huo watu wazima walisema ni mapenzi ya Mungu, na sina ubishi nao. Lakini leo yajulikana pia kuwa katika miaka hiyo vimelea vya malaria katika sehemu nyingi za nchi vilikuwa vimezoea klorokwini. Mwaka wa 1998 serikali iliiacha na kuweka dawa za aina ya Fansidar mahali pake. Hizo nazo hazikudumu. Mwaka wa 2004 uamuzi ulipitishwa wa kutumia mseto wa artemetha na lumefantrini, ambao wauguzi huuita AL kwa kifupi, na kufikia 2006 ulikuwa ukitolewa katika hospitali za umma.

AL ingali inatibu, na asikudanganye mtu kuwa haifai. Hata hivyo majirani wametupigia kengele. Mwaka wa 2020 watafiti walitoa habari za vimelea nchini Rwanda vyenye mabadiliko yanayovifanya vichelewe kufa kwa dawa za jamii ya artemisinini. Mwaka uliofuata habari kama hizo zikatoka kaskazini mwa Uganda, na baadaye mkoa wa Kagera, Tanzania. Mbu na wasafiri hawaulizwi pasipoti. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa watu 597,000 walikufa kwa malaria mwaka wa 2023, wengi wao watoto wa Afrika walio chini ya miaka mitano. Hiyo ni idadi iliyopatikana wakati dawa zinafanya kazi.

Damu isiyo na kiini

Ili kujaribu dawa, kwanza ni lazima uwe na vimelea vya kuijaribia. Kabla ya mwaka wa 1976 hakuna aliyeweza kuvifuga kwa muda mrefu nje ya mwili. Mwaka huo William Trager na James Jensen wa Chuo Kikuu cha Rockefeller, New York, walionyesha njia. Siri moja ilikuwa kupunguza oksijeni. Na chombo walichotumia? Mtungi wa kioo na mshumaa! Unaziweka sahani za damu mtungini, unawasha mshumaa, unafunika. Mshumaa unakula oksijeni hadi unazimika wenyewe, na hewa iliyobaki inavifaa vimelea vizuri kabisa. Ziko maabara ambazo zimeendelea kutumia mshumaa hadi miaka yetu hii, mitungi ya gesi ikiwa ghali.

Vimelea hivyo hulishwa chembechembe nyekundu za damu ya binadamu, katika joto la nyuzi 37. Kimoja cha vimelea vinavyotumiwa zaidi ulimwenguni, kiitwacho 3D7, asili yake ni mgonjwa aliyeishi karibu na uwanja wa ndege wa Schiphol, Uholanzi, bila kusafiri nje ya nchi hiyo. Yadhaniwa mbu aliwasili kwa ndege kutoka Afrika. Hata katika maabara za Ulaya, basi, malaria yao ni yetu.

Sasa njoo kwenye ujanja wenyewe. Chembe nyekundu ya damu ya binadamu ikishakomaa huwa haina kiini, na kwa hivyo haina DNA, ule uzi unaobeba urithi wa kiumbe. Kimelea cha malaria kinayo. Ukipata rangi ambayo hukaa kimya ikiwa peke yake, lakini hung'aa kijani inaponasa kwenye DNA, basi katika damu hiyo kila mng'ao utakuwa wa adui. Rangi hiyo ipo na huitwa SYBR Green. Mwaka wa 2004 Martin Smilkstein na wenzake mjini Portland, jimbo la Oregon, Marekani, walichapisha njia ya kuitumia kupimia dawa za malaria. Walisisitiza mambo mawili: urahisi na gharama ndogo.

Kabla ya hapo njia iliyoheshimiwa zaidi ilikuwa ya kuwalisha vimelea kemikali yenye mionzi ya nyuklia, kisha kuhesabu wamekula kiasi gani. Ilifanya kazi, lakini ilidai leseni, vyumba maalumu na mahali salama pa kutupa taka. Hebu waza kituo cha utafiti cha wilaya kikiomba bajeti ya kutupa taka za nyuklia! Njia ya rangi ya kijani ilizifungulia mlango maabara nyingi za Afrika. Huko Kisumu, ambako Taasisi ya Utafiti wa Kimatibabu, KEMRI, imefanya kazi kwa miaka mingi pamoja na watafiti wa jeshi la Marekani, imetumiwa kupima vimelea kutoka kwa wagonjwa wa magharibi mwa Kenya, ili kujua ni dawa gani zinazoanza kulegea.

Kazi yenyewe huenda hivi. Chukua sahani ya plastiki ipatayo ukubwa wa kiganja, yenye visima vidogo 96. Katika kila kisima tia matone machache ya damu yenye vimelea. Visima kadhaa viache bila dawa. Vingine tia damu safi isiyo na vimelea, ili ujue mashine husoma nini pasipo na kitu. Vilivyobaki tia kemikali unayoichunguza, kisima cha kwanza kikiwa na nyingi, cha pili nusu yake, cha tatu nusu ya nusu, ukiendelea hivyo. Weka sahani katika kabati la joto kwa saa 72. Kimelea huhitaji saa 48 kukua, kupasua chembe ya damu na kumwaga watoto wake, kwa hivyo siku tatu zatosha kuona kama kizazi kipya kimezaliwa.

Siku ya tatu unapasua chembe zote kwa dawa inayofanana na sabuni, unatia rangi, unaweka sahani gizani kwa muda, kisha unaiingiza katika mashine. Mashine humulika kila kisima kwa mwanga wa samawati na kupima kijani kinachorudi.

Hapa ndipo wanafunzi wengi hujikwaa, kwa hivyo nisome polepole. Kisima kinachowaka sana ni habari mbaya: vimelea vimezaana, dawa imeshindwa. Kisima cheusi ndicho kinachomfurahisha mtafiti. Kwa kulinganisha visima, hupatikana kipimo cha dawa kinachopunguza mng'ao kwa nusu. Kikiwa kidogo, dawa ina nguvu. Kikipanda mwaka hadi mwaka kwa vimelea vya eneo moja, kuna balaa inakuja. Laiti kipimo kama hicho kingekuwa cha kawaida Busia katika utoto wangu.

Mwanga nao husema uwongo

Usidhani mashine haidanganyiki. Chembe nyeupe za damu zina viini na DNA tele, hivyo damu ya mgonjwa isiposafishwa vyema, zitang'aa na kuonekana kama vimelea. Hali kadhalika, kemikali inayojaribiwa ikiwa yenyewe hung'aa kijani, itaua vimelea vyote na bado kisima kitawaka. Dawa nzuri itatupwa.

Uwongo wa kinyume chake ndio unaotuhusu sisi wapenzi wa mitishamba. Jirani yangu mmoja, mama ninayemheshimu sana, huchemsha muarobaini kila mtoto wake anapopata homa. Maji yale ni ya kijani kizito. Ukiyatia katika kisima, rangi yake yaweza kuumeza mwanga kabla haujaifikia mashine. Mashine itasoma giza, na asiye makini atashangilia kuwa vimelea vimekufa kumbe viko hai vinazaana. Ndiyo maana mtafiti mwangalifu huweka pembeni visima vya damu vilivyotiwa muarobaini huo huo, vimelea vikiwamo lakini vikiwa vimetiwa saa ile ile ya kusoma, aone rangi imeficha mwanga kiasi gani.

Nisieleweke vibaya. Muarobaini una kemikali zinazoua vimelea vya malaria katika kioo, mojawapo ikiitwa gedunini. Lakini kuua katika kioo ni jambo moja, na kutibu mtoto ni jingine. Tumbo laweza kukataa kuipitisha, ini laweza kuivunja kabla haijafika damuni, au ikahitajika nyingi kiasi cha kumdhuru mgonjwa. Hata dawa ya kung'arishia nguo huua vimelea kisimani. Hiyo ndiyo sababu kila kemikali inayofaulu hupelekwa tena mbele ya chembe hai za binadamu, kisha panya, na kadhalika, na nyingi huangukia njiani. Artemisinini yenyewe ilitoka katika mmea wa tiba ya Kichina, na Tu Youyou akapata Tuzo ya Nobel mwaka wa 2015 kwa kuivumbua, ila ilibidi kwanza itolewe katika jani, ipimwe na kujulikana kipimo chake. Jirani yangu nilimweleza hayo. Alinisikiliza, akaniongezea chai.

Sindano katika ghala la nyasi

Uzuri mwingine wa njia hii ni kwamba roboti zinaiweza. Katika taasisi moja ya kampuni ya Novartis huko San Diego, Marekani, watafiti walipitisha kemikali zipatazo milioni 1.7 mbele ya vimelea vya malaria na kutoa matokeo mwaka wa 2008. Kwa sahani za visima 96, hizo zingekuwa sahani zaidi ya 17,000 hata kabla ya kuhesabu visima vya ulinganisho. Wao walitumia sahani zenye visima 1,536, vidogo hata jicho huchoka kuvitazama. Kemikali zilizosalia baada ya mchujo zilikuwa kama 6,000.

Kutoka katika hazina hiyo ya kemikali, baada ya wanakemia kuikarabati kwa miaka kadhaa, ilizaliwa ganaplasidi, ambayo haimo katika jamii yoyote ya dawa za malaria tulizozizoea. Ilichanganywa na lumefantrini, ile ile iliyomo katika AL. Novemba 2025 Novartis na washirika wake walitangaza kuwa jaribio la awamu ya tatu, lililofanywa kwa wagonjwa wa nchi kadhaa za Afrika, lilitoa matokeo mazuri. Hesabu mwenyewe: tangu matokeo ya sahani za 2008 hadi hapo ni miaka 17. Mtoto aliyezaliwa wakati huo alikuwa tayari katika shule ya upili.

Turudi kwa yule kijana wa kibandani. Baada ya wateja kutawanyika aliniita kando. Alitaka kujua kama taa yake yaweza kumwonyesha dawa bandia, maana mkewe alikuwa amenunua tembe za malaria mahali asipopaamini. Nilimwambia la. Taa ile huonyesha tu kuwa kuna kitu king'aacho, haikwambii ni kitu gani wala ni kiasi gani. Tembe ya unga wa mahindi iliyotiwa chembe ya kwinini nayo ingeng'aa. Azirudishe hizo tembe, aende duka la dawa lililosajiliwa, na mtoto akipata homa baada ya kutoka mashambani apimwe damu siku hiyo hiyo.

Aliitikia kwa kichwa, lakini hakuwa ameridhika. Akaielekeza taa kwenye shati lake jeupe la kazi, na shati zima likawaka samawati kuliko toniki. Ilibidi nimweleze kuhusu sabuni ya unga, ambayo hutiwa kemikali za kung'aa ili nguo nyeupe zionekane nyeupe zaidi.

"Kwa hivyo nimevaa kwinini?" aliuliza, akicheka.